Udongo ndio msingi: mandhari ya reli ya mfano isiyo na viraka

Mandhari ya reli ya mfano, yaani treni ndogo na mazingira yake juu ya meza, ikionekana viraka viraka, ni nadra kosa kuwa uhaba wa vitu. Mara nyingi vimezidi: nyasi za masika chini ya miti iliyokauka, udongo wa rangi tatu, nyumba zinazong'aa kiplastiki. Kabla ya kununua chochote, andika sentensi moja inayotaja eneo, msimu na saa. "Kituo kidogo kwenye tambarare kavu, mwisho wa kiangazi, saa tisa alasiri" inatosha. Kisichoingia kwenye sentensi hiyo kibaki dukani, hata kiwe kizuri vipi.

Kinachofuata ni taa, si rangi. Ukichanganya rangi chini ya balbu moja kisha ukabadilisha balbu, kazi yote imepotea. Taa za 2700 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) huvuta kijani kuelekea kahawia. Za 4000 hadi 5000 K zinakaribia mwanga wa mchana. Tazama boksi, CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) iwe 90 au zaidi. Zifungwe juu, usawa wa ukingo wa mbele wa meza, ili upande unaotazamwa ndio upate mwanga. Kivuli cha mti kikianguka kwenye anga lililochorwa ukutani nyuma ya meza, usogeze mti mbele au uinue taa.

Sasa udongo, ambao kwangu ndio unaobeba kazi nzima. Chagua rangi moja ya maji ya ukutani isiyong'aa, changanya lita nzima kwa mkupuo, kisha paka ardhi yote: chini ya nyasi, kingo za mitaro, hadi misingi ya nyumba. Nyasi zikiachia baadaye, kitakachoonekana ni udongo, si weupe. Inayobaki usiitupe. Kijiko kimoja kwenye vijiko kumi vya maji kinakupa maji ya vumbi ya kupitisha chini ya kuta, kwenye mataruma na sehemu za chini za mabehewa. Katika reli halisi vumbi jingi hutoka ardhi ileile, na jicho hulitambua hilo hata mtazamaji asipojua kwa nini.

Ukitaka kuongeza udongo wa kweli juu ya rangi, ukaushe kwenye oveni, uchekeche kwa soksi ya nailoni, kisha pitisha ndani yake sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Chembe za chuma zikibaki, sumaku ya mota ya kichwa cha treni itazivuta, na gia zitaumia. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao: udongo ukishanyweshwa gundi hubaki mweusi zaidi hata baada ya kukauka.

Kokoto za reli huharibu uwiano wa vipimo kuliko kitu kingine. Jiwe la milimita 50, kwenye kipimo cha HO (1:87, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 87), ni kama milimita 0.6, kwenye N (1:160) ni kama 0.3. Zinazouzwa nyingi ni kubwa mno, kwa hiyo chekecha. Paka ubavu wa reli rangi ya kutu kabla ya kumwaga. Tandaza kwa kijiko, fagia kwa brashi laini mpaka kokoto zikae chini kidogo ya uso wa mataruma, na zisiegemee ubavu wa ndani wa reli, la sivyo gurudumu litarukaruka. Nyunyiza ukungu wa spiriti, kisha dondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji mara mbili yake na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Ukiruka spiriti, tone la gundi hujikunja kama mpira, hukusanya kokoto na kuacha shimo. Kwenye pointi, yaani pale njia inapogawanyika, ishia sentimita moja kabla ya ndimi zinazosogea. Gundi ikiingia hapo, pointi imekwisha. Futa uso wa reli gundi ikiwa bado mbichi, halafu usiguse hadi kesho yake.

Nyasi za umeme tuli, nyuzi fupi zinazosimamishwa kwa mashine ya umeme tuli, zinataka mkono mchoyo. Milimita 2 kwenye HO ni nyasi za sentimita 17, milimita 6 ni zaidi ya nusu mita. Kwa kiangazi natumia sehemu sita za rangi ya majani makavu, tatu za kijani kilichofifia, moja ya kijani cheusi. Anza na fupi kote, kisha ndefu kwa mafungu, hasa mtaroni ambako maji hukawia. Msumari wa waya wa mashine uchomwe kwenye gundi mbichi, karibu na unapofanyia kazi. Msumari ukiwa mbali, au gundi ikianza kukauka, nyuzi hulala.

Kwa kina, fifisha rangi kadiri unavyorudi nyuma. Kilima cha kati kipate sehemu moja ya rangi ya anga kwa nne za udongo, cha nyuma nusu kwa nusu. Upeo wa macho uchorwe usawa wa macho ya mtazamaji, na anga liwe jeupe zaidi hapo. Barabara isiingie ukutani moja kwa moja: ipinde nyuma ya jengo, maana mtu akisogea hatua mbili tu kiungo cha barabara na mchoro kinajulikana. Mti wa mita 15 ni sentimita 17 kwenye HO. Mirefu iwe mbele, mifupi nyuma.

Kabla ya kugandisha chochote kando ya njia, pitisha behewa lako refu kuliko yote. Kwenye kona tumbo lake huingia ndani na ncha hutokeza nje, na mti ulioonekana mbali kwa jicho hukwaruzwa.