Kimulimuli cha zamani hakizimi na kuwaka

Kuna ujumbe usiokoma kwenye magrupu ya WhatsApp: eti vimulimuli vya kuzunguka vya magari ya zamani ya polisi na zimamoto huwaka na kuzima, kwa hiyo kikigoma, nunua flasha, yaani kifaa cha kuwasha na kuzima taa. Si kweli. Balbu huwaka muda wote. Mota ndogo huzungusha kioo kilichopinda nyuma ya balbu, au, kwa aina nyingine, balbu zenyewe. Wewe unaona mwanga pale tu unapokuelekea. Taa za LED za leo huwaka na kuzima kweli, ndipo watu wanapochanganya.

Fungua kava la plastiki, washa, utajionea. Mara nyingi kilichokwama ni gia yenye grisi iliyokauka, au kaboni za mota (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) zimekwisha. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unawatia watu hasara.