Mwandiko wa kuunganisha herufi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mjadala wa mwandiko unapozuka, maswali mawili hutiwa katika chungu kimoja: kama mtoto afundishwe kuandika kwa mkono, na kama herufi anazoandika ziunganishwe. Wanaotetea kuunganisha huazima ushahidi wa swali la kwanza ili kujibu la pili, na wanaoupinga mwandiko huo huzungumza kana kwamba anayeacha kuunganisha ameiacha kalamu yenyewe. Dhana nyingi kati ya zinazofuata zimezaliwa na mchanganyiko huo.

Dhana: Marekani na Finland zimeacha kufundisha kuandika kwa mkono.

Si kweli kwa nchi yoyote kati ya hizo. Viwango vya pamoja vya elimu vilivyotolewa Marekani mwaka 2010, ambavyo majimbo zaidi ya 40 yalivikubali, viliwataka watoto wa chekechea na darasa la kwanza waandike herufi za kuachana, na wanafunzi wa darasa la nne waweze kupiga chapa angalau ukurasa mmoja bila kuinuka. Kuhusu kuunganisha herufi havikusema neno. Kimya si katazo, lakini kila mwalimu anajua kwamba jambo lisilopimwa huwa la kwanza kukosa kipindi, na ndivyo ilivyokuwa katika shule nyingi. Baadaye majimbo kadhaa yaligeuka. Louisiana ilipitisha sheria mwaka 2016 ya kufundisha mwandiko huo kuanzia darasa la tatu hadi la kumi na mbili, na mwezi Oktoba 2023 gavana wa California alitia saini sheria iliyowasilishwa na Sharon Quirk-Silva, mbunge aliyepata kuwa mwalimu, inayotaka ufundishwe kuanzia darasa la kwanza hadi la sita. Finland nayo, katika mtaala ulioanza mwaka 2016, iliondoa ulazima wa kuunganisha tu. Mtoto wa Kifini bado anashika penseli na kuandika herufi moja moja, huku akijifunza pia kutumia kibodi.

Dhana: Sayansi imethibitisha kwamba kuunganisha herufi hunoa akili ya mtoto.

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu tafiti zipo na ni nzuri, ila zinasemeshwa yasiyokuwamo. Utafiti unaotajwa mara nyingi ni wa Karin James na Laura Engelhardt wa Chuo Kikuu cha Indiana, uliochapishwa mwaka 2012. Watoto wa umri wa miaka mitano hivi, ambao hawakuwa wamejua kusoma, walifundishwa herufi na maumbo kwa njia tatu: kuandika wenyewe, kufuatisha mstari uliokwisha kuchorwa, na kubonyeza kitufe. Walipopigwa picha za ubongo huku wakionyeshwa herufi hizo, maeneo ambayo mtu mzima huyatumia anaposoma yalichangamka zaidi kwa herufi walizokuwa wameziandika wenyewe. Maelezo yanayotolewa ni ya kuvutia: mtoto akiandika "a" mara kumi hupata "a" kumi zisizofanana, moja ina tumbo kubwa, nyingine imelala, nyingine haikufunga, na kwa kuziona zote zikitoka mkononi mwake hujifunza ni kitu gani hasa kinachoifanya "a" kuwa "a". Kitufe hutoa "a" ileile kila siku. Lakini herufi za utafiti huo zilikuwa za kuachana. Anayeutumia kutetea mwandiko wa kuunganisha anatetea jambo ambalo halikupimwa.

Watafiti wa Norway wakiongozwa na Audrey van der Meer walifika karibu zaidi. Mwaka 2020 walichapisha matokeo ya kupima umeme wa ubongo wa watoto 12 na vijana 12 wakati wakiandika kwa kuunganisha, wakipiga chapa na wakichora. Kalamu iliushughulisha ubongo kwa namna ambayo kibodi haikuweza. Hata hivyo, hapo pia ushindani ulikuwa kati ya mkono na kibodi. Herufi za kuachana hazikuwekwa kwenye mizani, na watu 24 ni kundi dogo mno kubebeshwa mtaala wa nchi.

Dhana: Mwenye kuunganisha huandika haraka zaidi.

Kwa kuangalia tu, ungeapa kwamba ni kweli. Chukua neno "nilikukumbuka", lenye herufi 13. Anayeunganisha huweka ncha ya kalamu kwenye "n" na kuiinua kwenye "a" ya mwisho, kisha anarudi kutia nukta mbili juu ya "i". Asiyeunganisha huinua kalamu walau mara kumi na mbili. Lakini Steve Graham na wenzake walipowapima wanafunzi 600 wa darasa la nne hadi la tisa nchini Marekani, katika utafiti wa mwaka 1998, hawakuona tofauti ya kasi kati ya wanaounganisha tupu na wasiounganisha kabisa. Waliokuwa na kasi zaidi ni wale waliochanganya, wakiunganisha pale mkono unapotiririka na kuachanisha pale unapokwama. Fungua daftari la mwanafunzi yeyote wa sekondari na huenda utauona mchanganyiko huo, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Kusomeka nako kuna sheria yake. Andika "unanunua" kwa kuunganisha huku ukikimbizana na saa, kisha mpe mwenzako asome: atakuta mawimbi mfululizo, asijue "u" inaishia wapi na "n" inaanzia wapi. Kwetu, ambako insha za mitihani ya taifa bado huandikwa kwa kalamu, hilo si jambo la urembo. Kwa maoni yangu, shule ihakikishe kwanza kwamba mtoto anaandika herufi za kuachana bila kuzifikiria, kisha imwonyeshe namna ya kuunganisha kwa majuma machache, na baada ya hapo imwachie achague bila kumkata alama.

Dhana: Asiyeunganisha hawezi kuwa na saini.

Saini ni alama ambayo mtu amekusudia imwakilishe. Sheria ya biashara ya Marekani inakubali ishara yoyote iliyowekwa kwa nia hiyo, na hapa kwetu dole gumba limekuwa likithibitisha hati miaka mingi.

Dhana: Mtoto mdogo hawezi kuanza na herufi zilizoungana.

Hili ni kosa la upande wa pili. Kumwanzishia mtoto herufi za kuachana ni desturi changa: ilienea katika shule za London miaka ya 1910, na Marjorie Wise aliipeleka Marekani mwaka 1922. Ufaransa hadi leo huwafundisha watoto kuunganisha tangu mwanzo wa shule ya msingi. Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Katika madrasa za Lamu, Unguja na Tanga, watoto hujifunza maandishi ya Kiarabu ambayo kuungana ndiyo kanuni yake, na ni herufi sita tu, kama alifu, dali na wau, ambazo hazishikani na ile inayofuata. Hakuna mwalimu wa chuoni anayesubiri mtoto afike miaka minane ndipo amwonyeshe namna bee inavyoshikana na sini.

Dhana: Asiyefundishwa kuunganisha hataweza kusoma nyaraka za kale.

Dhana hii ina chembe ya ukweli. Drew Gilpin Faust, mwanahistoria aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika mwaka 2022 kwamba kiasi cha theluthi mbili ya wanafunzi wa darasa lake hawakuweza kusoma mwandiko wa kuunganisha. Ila kusoma mwandiko ni ujuzi unaojitegemea, na kuandika mtindo mmoja hakukufungulii mingine. Katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam yamo majalada ya utawala wa Kijerumani, na mengi ya maandishi yake ya mkono ni ya mtindo uitwao Kurrent, ambao shule za Ujerumani ziliagizwa kuuacha mwaka 1941. Mjerumani wa leo aliyefundishwa kuunganisha vizuri kabisa hukwama mbele yake vilevile kama Mtanzania, na wote wawili hulazimika kukaa chini kujifunza upya: kwamba "e" pale inafanana na "n", na kwamba kikunjo kidogo kilichowekwa juu ya "u" kipo ili msomaji asiichanganye na "n".