Timu imefungwa, mvua zinakuja, kichwa kinauma: maswali na majibu

Swali: Timu yangu ikifungwa fainali sili wala silali. Ni ugonjwa?

Sio ugonjwa, ni maumivu ya kweli na wanaowacheka wenzao naomba waache. Wana Yanga wanaikumbuka 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wamepigwa 2-1 kwa Mkapa wakaenda Algiers wakashinda 1-0 na bado USM Alger wakabeba kombe kwa magoli ya ugenini, na Mei 2025 ikawa zamu ya wana Simba, wakapigwa 2-0 kule Berkane, Morocco, halafu 1-1 pale Amaan. Mwili haujui kwamba ni mpira tu, unamwaga homoni za stresi vilevile, moyo unaenda mbio, usingizi unakata. Kwa wengi siku chache inaisha.

Swali: Mimi nina presha, niache kuangalia?

Angalia, ila dawa usiruke. Kombe la Dunia 2006 madaktari wa Munich walihesabu wakakuta siku Ujerumani inacheza dharura za moyo zilizidi mara mbili ya kawaida, na walioumia zaidi ni wale ambao moyo ulikuwa na shida tayari. Kifua kikibana, jasho la baridi likatoka, maumivu yakapanda kwenye mkono au taya, usisubiri filimbi ya mwisho, nenda hospitali.

Swali: Mkeka wa kubeti umechanika na hela ya kodi imeenda, natamani hata nife.

Hapa ndo naogopa kuliko kote. Ukiwaza kufa usikae peke yako hata saa moja, mwite ndugu au jirani akupeleke hospitali usiku huohuo, sio aibu. Usiweke mkeka mwingine eti urudishe hela, pombe achana nayo kwa sasa, na hasira usiende kumalizia kwa mke na watoto. Mtafute mtu unayemwamini umwambie hela yote iliyoenda, usimfiche kitu. Na kama wiki mbili zimepita bado huna raha na chochote, kazi huiwezi, hiyo ni sonona na inatibika, anzia kituo cha afya kilicho karibu.

Swali: Na hofu ya mafuriko? Mvua ikianza tu natetemeka.

Anayekaa bonde la Msimbazi, Jangwani na kwingineko, masika yote analala sikio liko kwenye bati, huwezi kumwambia asiwaze. Hofu inapungua mtu akiwa na cha kufanya. Hanang Desemba 2023 tope na mawe vilishuka toka mlimani vikaingia Katesh, hapo hakuna muda wa kutafuta cheti. Kwa hiyo TMA, wale wa hali ya hewa, wakitoa tahadhari begi liwe tayari: vyeti na kitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki, dawa za kila siku (presha, kisukari, ARV, hizi watu wanazisahau sana), tochi, simu yenye chaji, namba za ndugu kwenye karatasi. Kubalianeni mapema mtakutana wapi. Zima umeme kama hujakanyaga maji, na maji yanayokimbia usiyavuke hata kama yako magotini tu, yanaangusha mtu mzima.

Swali: Tangu mafuriko mwanangu anakojoa kitandani.

Inatokea sana, usimchape. Mwache aongee akitaka, alale karibu na nyie, arudi shule mapema, na mpira acheze na wenzake maana kucheza kunamrudisha taratibu. Mwezi ukipita hajabadilika mpeleke akaonwe.