Jarida la Punch halikubuni katuni
Ujumbe unaozunguka katika makundi ya mtandaoni unadai kwamba katuni zilibuniwa na Punch, jarida la vichekesho lililoanzishwa London mwaka 1841. Si kweli. Michoro ya kuwakejeli wakubwa iliuzwa madukani jijini London tangu karne ya 18. Kilichobadilika ni maana ya neno: awali katuni ilikuwa mchoro wa maandalizi kwenye karatasi kubwa, kabla ya picha kuchorwa ukutani. Mwaka 1843, michoro ya aina hiyo kwa ajili ya jengo jipya la Bunge ilipoonyeshwa hadharani, Punch lilichapisha kejeli yake, maskini waliovaa matambara wakitazama picha za fahari, likaiita “Katuni Na. 1”. Hapo ndipo wengi huchanganya neno na sanaa yenyewe. Toleo hilo la Julai 1843 linasomeka bure mtandaoni. Tafadhali lifungue ujionee, na ujumbe ule usiusambaze tena.