Je, wajua kwa nini vijiwe hutiwa ndani ya chupa kabla ya kimiminika kuchemshwa maabarani?

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika maabara ya kemia ya kikaboni hutarajia kuonywa kuhusu asidi kali, sumu na moto. Pengine hatarajii kuambiwa kwamba, kabla hajaanza kupasha joto kimiminika chochote, ni lazima adondoshe ndani ya chupa vijiwe viwili au vitatu, kila kimoja kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Vijiwe hivyo haviyeyuki, havishiriki katika mmenyuko unaokusudiwa, na kazi ikiisha huchujwa vikatupwa. Hata hivyo, anayevisahau anaweza kuiona kazi yake ya siku nzima ikiruka hadi darini.

Sababu yake imo katika jinsi kimiminika kinavyochemka. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi kwa sababu katika joto hilo shinikizo la mvuke wake hulingana na shinikizo la hewa katika usawa wa bahari. Lakini ili mchemko uanze, ni lazima kiputo kizaliwe ndani ya kimiminika, na kiputo kichanga hukwamishwa na udogo wake. Uso wa kimiminika hufanya kazi kama ngozi iliyovutwa, inayokibana kiputo kutoka kila upande, na kadiri kiputo kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyobanwa kwa nguvu zaidi. Ndani ya maji yenye nyuzi 100, kiputo chenye nusu kipenyo cha maikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) hubanwa na ngozi hiyo kwa shinikizo la ziada linalozidi kidogo lile la angahewa lenyewe. Mvuke uliomo hauwezi kuhimili mbano huo, basi kiputo husinyaa na kutoweka kabla hakijakua.

Sufuria kuukuu haina shida hiyo, kwa kuwa mikwaruzo yake huhifadhi vifuko vya hewa ambamo viputo huanza vikiwa tayari na ukubwa wa kutosha. Chupa ya kioo ya maabara, kinyume chake, ni laini na safi mno, na usafi wake ndio unaoleta balaa. Kimiminika huendelea kupokea joto, kipimajoto kilichozamishwa ndani yake hupita kiwango cha mchemko kwa nyuzi kadhaa, na uso wake hubaki umetulia tuli. Utulivu huo ndio wa kuogopwa. Kiputo kimoja kikifanikiwa kukua, joto lote lililolimbikizwa hutumika mara moja kuzalisha mvuke. Tuchukue mililita 100 za maji yaliyozidi kiwango chake cha mchemko kwa nyuzi 5 tu: karibu gramu 1 itageuka mvuke papo hapo, nayo itahitaji nafasi ya takriban lita moja na nusu. Chupa haina nafasi hiyo, kwa hiyo mvuke hutoka kwa kishindo ukikisukuma kimiminika mbele yake.

Kwa vimiminika vya kikaboni hali huwa mbaya zaidi. Dietili etha huchemka kwenye nyuzi 34.6, na gramu moja yake huhitaji karibu sehemu moja ya sita tu ya joto ambalo gramu ya maji huhitaji ili igeuke mvuke. Mvuke wenyewe huwaka kwa urahisi, na kwa kuwa ni mzito takriban mara mbili na nusu kuliko hewa, haupai juu bali hutambaa mezani hadi ukutane na mwali ulio mbali kabisa na aliyeumwaga. Ndiyo maana etha hupashwa kwa beseni la maji ya moto, kamwe si kwa mwali, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, na miwani ya kinga haivuliwi hata pale panapoonekana shwari.

Vijiwe vyenyewe mara nyingi ni vigae vya kauri isiyopakwa gilasi (utando laini unaong'aa), au chembe za silikoni kabaidi, yaani mchanganyiko mgumu wa silikoni na kaboni, vyenye vitundu vingi vilivyojaa hewa. Mvuke huingia katika hewa hiyo, huitanua, kisha kiputo hujitenga na kupanda juu kikiacha nyuma mabaki kidogo ya kuanzishia kiputo kinachofuata. Ukitazama kwa karibu utaona viputo vikitoka kwenye kijiwe kimoja kwa mfuatano, kama shanga zilizotungwa uzini, na joto hutoka nazo kidogo kidogo badala ya kulimbikizwa.

Kutokana na hayo, kosa kubwa kuliko kusahau kijiwe ni kukikumbuka baadaye na kukitumbukiza katika kimiminika ambacho tayari ni moto. Kwa maoni yangu, onyo hili lilistahili kutangulia mengine mengi yanayobandikwa ukutani, maana anayelivunja huwa anadhani anafuata kanuni. Kijiwe hicho huingia na maelfu ya vitundu vya hewa, na kimiminika kizima hufoka usoni pa aliyekitia. Unga wa mkaa unaotumiwa kuondoa rangi wakati wa kufuwelisha, yaani kutengeneza fuwele, huleta matokeo yaleyale. Aliyesahau hana budi kuzima joto, kusubiri kimiminika kipoe chini kabisa ya kiwango chake cha mchemko, ndipo atie kijiwe na kuanza upya.

Vilevile, mchemko ukisimamishwa kijiwe cha zamani hakifai tena. Mvuke uliokuwa katika vitundu hupoa na kugeuka kimiminika, vitundu hujaa, na kijiwe hubaki jiwe la kawaida lisilo na msaada. Hivyo kila mchemko mpya hudai kijiwe kipya.

Kijiwe hakizuii shinikizo kupanda ndani ya chombo kilichozibwa pande zote, kwa hiyo mtambo wa kuchemshia huachiwa tundu la kutolea hewa. Kijiwe pia hakifai katika ukenekaji (kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake ili kukitenga) unaofanywa chini ya shinikizo dogo, ambapo pampu hunyonya hewa yote kutoka ndani ya chupa, pamoja na ile iliyojificha katika vitundu vya kijiwe. Hapo hutumiwa kijiti cha sumaku kinachozunguka na kukoroga bila kukoma, au mrija wa kioo uliovutwa hadi ukawa mwembamba kama unywele, unaoingiza viputo vidogo vya hewa kutoka nje hadi chini ya kimiminika.