Sonona kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili: maswali kuhusu dawa

Ndugu yangu ana ulemavu wa akili. Naye anaweza kupata sonona?

Ndiyo, na mara nyingi sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, haitambuliwi. Asiyeweza kusema "nina huzuni" huionyesha kwa mwenendo: aliyekuwa akikunja nguo zake kila asubuhi sasa anaziacha sakafuni, anaamka usiku wa manane, anasukuma sahani, anajipiga. Watu husema, "Ndivyo alivyo." Kauli hiyo imewanyima wengi matibabu. Jiulizeni kama alikuwa hivyo miezi michache iliyopita.

Basi aanzishiwe dawa mara moja?

Hapana. Apimwe mwili kwanza. Jino bovu, kukosa choo au sikio lenye maambukizi vinaweza kumfanya mtu mpole awe mkali. Wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri akili na mwili, hupata mara nyingi tatizo la tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, kufanya kazi chini ya kiwango, na dalili zake hufanana na za sonona; kipimo cha damu hulibainisha. Isitoshe, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huwapata mapema kuliko watu wengine.

Halafu chunguzeni kilichobadilika maishani mwake. Je, mlezi aliyemzoea ameondoka? Amefiwa? Hili la msiba linaniuma: wengi hufichwa kifo kwa kudhaniwa hawataelewa, kumbe wanamtafuta marehemu chumba hadi chumba.

Pupa ya dawa ina madhara. Mwaka 2015 ilikadiriwa kwamba nchini Uingereza, katika eneo la England pekee, watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakiandikiwa dawa za sonona, za saikosisi (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze uhalisia) au zote mbili bila sababu ya kitabibu inayostahili. Mwaka uliofuata huduma ya afya ya huko, NHS, ilianzisha kampeni ya STOMP ya kupunguza dawa hizo.

Ikithibitika ni sonona kweli?

Asinyimwe dawa eti kwa sababu ya ulemavu wake. Mara nyingi madaktari huanza na dawa kama sertralini au fluoksetini, kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Nafuu huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, wakati mwingine zaidi, ilhali kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi huweza kutangulia. Kwa kuwa huenda asiyaseme, andikeni kila siku: amelala saa ngapi, amekula nini, amepata choo, hasira ilianza baada ya nini. Daftari hilo litamsaidia sana daktari.

Akiwa na kifafa, daktari aambiwe kabla ya yote, pamoja na dawa anazomeza. Baadhi ya dawa za sonona huongeza uwezekano wa degedege.

Nani anaamua?

Yeye mwenyewe, kadiri awezavyo. Aelezwe kwa maneno mepesi na picha, apewe muda, aulizwe tena siku nyingine. Kumchanganyia kidonge kwenye chakula kwa siri ili kukwepa maswali yake ni kumdharau. Aelezwe pia kuhusu tiba ya mazungumzo, ambayo huweza kurekebishwa ilingane na uelewa wake.

Akipata nafuu tuache?

Msiache ghafla. Kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi sita baada ya kupona, kisha hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi, maana kuikata huweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi. Lakini akizidi kuhangaika au akitaja kufa, hasa wiki za mwanzo au dozi inapobadilishwa, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.