Bastola ya upepo ya mita 10: mpini kwanza, jina baadaye

Vijana wengi wanaonifuata hapa Tabora kuuliza habari za mchezo wa kulenga shabaha huanza na swali moja: bastola ipi ina nguvu? Naelewa linakotoka. Unyamwezi umekaa na bunduki tangu enzi za Mtemi Mirambo na rugaruga, wapiganaji wake, na aliyekulia kwenye simulizi za wawindaji wa gobore anajua silaha nzuri ni ile inayoangusha mnyama kwa mbali. Lakini bastola ya upepo ya mashindano inapiga mita 10 tu. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 4.5, uzito kama nusu gramu, na inatoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 150 kwa sekunde. Nguvu haina kazi hapo. Kazi ni duara la pointi 10 lenye upana wa milimita 11.5, ulipige mara 60 ndani ya dakika 75, umesimama, kwa mkono mmoja, bila kuegemea chochote.

Nimefundisha shabaha kwa miaka mingi, na msimamo wangu kuhusu vifaa haujayumba: fedha yako iende kwenye vitu vinavyogusa mkono na jicho, yaani mpini, triga na vilengeo (ncha ya mbele na pengo la nyuma unavyovilinganisha kwa jicho). Jina lililochongwa ubavuni mwa bastola lije mwisho. Sababu yake ni hesabu ambayo kila mwanafunzi wangu huifanya kwa kalamu kabla hajashika silaha.

Chukua bastola ambayo kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni milimita 330. Mkono ukayumba, bastola nzima ikasogea kulia milimita 6 huku vilengeo vikiwa vimekaa sawa: risasi nayo itasogea milimita 6. Hiyo bado ni 10, maana risasi ikigusa tu mstari, unahesabiwa pointi ya juu. Sasa tuseme mkono umetulia kabisa, ila kifundo cha mkono kimepinda kidogo sana, kilengeo cha mbele kikahama milimita 1 ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma. Kosa hilo linakuzwa mara 30 hivi hadi kufika kwenye karatasi. Risasi inaangukia milimita 30 kutoka katikati, na hiyo ni 7. Mkono unaotetemeka, ambao kila anayeanza anaulalamikia, haumwangushi sana. Kinachomwangusha ni kifundo, na kidole kinachokisukuma.

Kwa hiyo jicho likae kwenye kilengeo cha mbele. Kionekane kikali, kingo zake zote, na mwanga wa pande zake mbili uwe sawa. Duara jeusi la shabaha liachwe liwe na ukungu. Jicho la binadamu haliwezi kuona vitu viwili vya umbali tofauti kwa ukali uleule, na anayejaribu kuvipata vyote hupoteza vyote. Ndiyo maana wengi tunalenga chini ya duara jeusi, tukiacha ukanda mweupe kati yake na kilengeo: ncha nyeusi juu ya karatasi nyeupe inaonekana bila kubahatisha.

Sasa mpini. Kuna jaribio ambalo halina gharama. Simama ubavu kuelekea shabaha, bastola tupu, ishike unavyoishika siku zote. Fumba macho, inua mkono, uache ukae unapotaka wenyewe, kisha fumbua. Kama vilengeo vimekaa sawa lakini vinatazama kushoto au kulia kwa shabaha, tatizo ni miguu. Sogeza mguu wa nyuma kidogo urudie. Kama kilengeo cha mbele kimeegemea upande mmoja wa pengo, au kimezama, au kimechomoza juu, miguu haihusiki. Mpini haukutoshi. Hapo ndipo watu wanapokosea kwa kukaza kifundo ili kulazimisha vilengeo vikae. Utafanya hivyo kwa risasi 20, ya 21 msuli utachoka na kifundo kitarudi kwenye hali yake.

Mpini unachongwa. Tunakaa kwenye mkoa wa mninga, mbao isiyopindapinda ikishakauka, na mafundi seremala wenye mkono mwepesi tunao. Nimekaa na fundi wa hapa mjini, yeye na tupa, mimi nikiinua na kufumba macho, tukipunguza upande wa kiganja unga kwa unga. Panapopungua nyama tunajaza kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao hiyohiyo, ikikauka tunapiga msasa. Alama nzuri ni hii: unashika, unaachia, unashika tena, na kila mara kiganja kinapata mahali palepale bila kutafuta. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, zinataka kifundo kiwe huru. Mpini usikizunguke wala kukishikilia. Bastola nzima isizidi gramu 1,500, na iingie kwenye kisanduku cha milimita 420 kwa 200 kwa 50. Fundi aelezwe hayo kabla hajagusa mbao.

Usianze kuchonga siku ya kwanza, lakini. Jaribio lirudie jibu lilelile kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, ndipo upeleke tupa. Mbao ikishaondoka imeondoka.

Triga isiwe nyepesi kuliko gramu 500. Waamuzi huipima kwa kuinyanyua bastola, mtutu ukitazama juu, na jiwe la uzito likining'inia kwenye triga. Isipolibeba, bastola haipiti. Weka juu kidogo ya hapo, usikae kwenye mpaka. Tafuta triga ya hatua mbili: ya kwanza kidole kinatembea kwa wepesi, kinafika kwenye ukuta mdogo, kisha shinikizo linaongezeka taratibu hadi inafyatuka. Kidole kiiguse kwa nyama ya pingili ya kwanza na kisisugue ubavu wa mpini, kwa sababu hapo ndipo ile milimita 1 inapozaliwa.

Upepo wenyewe ni suala zito kwetu. Bastola nyingi za kisasa zina silinda inayojazwa upepo hadi shinikizo la bar 200. Mashine ya fundi pancha haikaribii hata sehemu ya kumi ya hapo. Utahitaji pampu ya mkono ya shinikizo kubwa, au mtungi wa wazamiaji, na mitungi hiyo haizagai Tabora. Narudia kwa kila mtu, na hapa sitanii: usijaze kamwe oksijeni ya fundi gesi wala ya hospitali. Oksijeni ya shinikizo ikikutana na mafuta kidogo tu inalipuka. Silinda nayo ina tarehe ya mwisho, miaka 10, na iliyopita muda haikubaliki mashindanoni hata ikiwa inang'aa. Ukizingatia hayo, kwa anayeanza huku bara napendelea bastola ya wenzo, ile unayoisindilia upepo mwenyewe kwa kila risasi, mfano wa IZH-46M ya Urusi. Mkono unachoka kusindilia, ni kweli, lakini haitegemei mtungi, na kasi yake haipandi wala kushuka.

Kabla hujalipa senti yoyote, nenda Polisi uulize kibali. Silaha nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mchezo huu hauna njia ya mkato hapo.

Mazoezi yenyewe, sehemu kubwa ni bila risasi. Risasi zitoke chumbani kabisa, zifungiwe kwingine, na chemba ikaguliwe kwa jicho na kidole, mara mbili. Kisha simama mbele ya ukuta mweupe usio na alama yoyote. Inua, shusha mkono hadi usawa wa jicho, tulia, fyatua, na baki umetazama kilengeo cha mbele sekunde mbili baada ya mlio mdogo wa triga. Kiliruka? Kilizama? Ukuta hauna shabaha ya kukuvuta macho, kwa hiyo unaona ukweli wa kidole chako. Kama sekunde kumi zimepita tangu utulie na hujafyatua, teremsha mkono, pumua, anza upya. Huu ndio ujasiri ninaousifu kuliko wote. Dakika 75 kwa risasi 60 ni dakika moja na robo kwa kila moja. Muda wa kuteremsha upo.

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijafika, joto la mchana hapa linaloesha kiganja, na mpini uliopigwa msasa laini sana unateleza. Uache na mikwaruzo, ufute kwa kitambaa kikavu, na zoezi lifanyike alfajiri.

Picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mshindi wa medali ya fedha ya timu mchanganyiko Olimpiki ya Paris 2024, imewafanya wengi waamini vifaa si lolote: mkono mfukoni, miwani ya kawaida. Tazama vizuri. Mkono mfukoni ni desturi ya wapigaji wengi wa bastola. Mkono usio na kazi unatulizwa usiyumbishe mwili. Masikio yalikuwa na vizibo. Bastola ilikuwa ya mashindano, na hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano tangu Beijing 2008. Alichoacha ni vile visivyomfaa yeye, na alishajua ni vipi.

Miwani ikihitajika, mwambie daktari wa macho unataka kuona kwa ukali kitu kilicho mwisho wa mkono ulionyooshwa, si kitabu. Jicho lisilolenga lizibwe kwa karatasi, lisifumbwe, maana kulifumba kunakaza uso mzima. Viatu viwe vya soli bapa, visifunike kifundo cha mguu. Risasi ziwe za kichwa bapa, zinazotoboa karatasi tundu safi. Ni za madini ya risasi, sumu ya polepole. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa karanga au chupa ya maji.

Asiye na bastola bado aanze na chupa ya maji ya lita moja, uzito unaokaribiana na wa bastola. Simama ubavu, mkono mmoja mfukoni, inua chupa hadi usawa wa jicho, shikilia sekunde kumi, teremsha, pumzika dakika moja. Rudia mpaka bega lianze kulalamika, kisha acha hadi kesho yake.